Kadi ya Kitabu Chekundu

Kazi niliyoitaka kuliko kazi yoyote maishani mwangu niliipata kwa majaribio ya miezi mitatu, na nusura niipoteze kwa sababu ya kahawa. Nasema kahawa kwa kuwa kahawa haijibu. Ukweli ni kwamba nilijiponza mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimeachika, sina mtoto, naishi Khuwair, mtaa wa Maskati, kwenye fleti ya kaka yangu, nyuma ya mawizara. Kila asubuhi, ufagio mkononi, nilikuwa nikiwaona kutoka dirishani watu wenye kazi zao wakitafuta pa kuegesha magari. Nilikwenda kuhojiwa mara nyingi katika ofisi zile. Walinisikiliza sentensi mbili tatu, wakatabasamu kwa adabu, khalas. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni: naweza kuomba chumvi, naweza kuomba dua, siwezi kuandika barua ya serikali. Mimi nimezaliwa Bujumbura. Masista wamenisomesha kwa Kifaransa tangu utoto mpaka nimekuwa mtu mzima, na nyumbani tukisema Kiswahili cha Unguja, cha mama yangu. Tulipohamia Maskati, Kifaransa kile kikawa kitu cha kuchekeshea watu harusini. "Hebu sema kidogo tusikie," wananiambia. Nasema, wanacheka, yamekwisha.

Ndipo nikasikia kwamba maktaba ya skuli moja ya Wafaransa inatafuta msaidizi. Mkuu wa maktaba alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani mbili: moja machoni, moja kichwani. Nilimwita Madamu. Alinisemesha kwa dakika kumi, hakucheka hata mara moja, akanionyesha sanduku la kadibodi lililokuwa chini ya meza yake.

Ndani mlikuwa na hadithi mpya za watoto na vijana. Mchapishaji mmoja wa Ufaransa alikuwa akiwapelekea mara tu zinapotoka, zikiwa bado zinanuka gundi. Za wadogo zilikuwa na mgongo wa manjano, za vijana mgongo mwekundu. Kazi yangu ingekuwa kukisoma kila kitabu na kukiandikia kadi: hadithi inahusu nini tangu mwanzo hadi mwisho, inamfaa mtoto wa umri gani, na swali moja la kuwauliza wasomaji. Madamu hakuwa na wakati wa kuvisoma vyote, kwa hiyo angezitegemea kadi zangu. Baada ya miezi mitatu angeamua kama nibaki au niende. Nilibeba vitabu vitano vya kwanza kwenye mfuko wa plastiki, na ndani ya gari kaka yangu akaniuliza kwa nini nimeukumbatia mfuko vile.

Sasa niseme habari ya kahawa. Nyumbani kwetu, baada ya sala ya alasiri, wanawake hukaa sebuleni kwenye mkeka. Chupa ya kahawa katikati, tende, siku nyingine vitumbua, siku nyingine halua iliyobaki ya wageni. Sisi tulikuwa watatu tu: mimi, mama, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyekuwa akikaa fleti ya juu na kushuka kila siku bila kualikwa. Saa hiyo ni ya kusema. Ukinyamaza utaulizwa unaumwa nini.

Siku ya kwanza shangazi aliniuliza, "Haya, msomi, umepewa kazi gani huko?" Nikamwambia nasoma vitabu vya watoto. Akasema ati hiyo nayo ni kazi. Nikakasirika, mimi ni mwepesi wa kukasirika, nikamwambia ngoja nikusimulie kimoja halafu useme. Nikawasimulia kile cha mvulana anayefuga konokono kwenye droo ya meza ya mwalimu. Walicheka mpaka mama akaomba ningoje ajifute macho. Siku ya pili waliniuliza kabla sijakaa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi ile. Asubuhi nasoma, alasiri nasimulia kwa Kiswahili, na alfajiri inayofuata, baada ya sala, naandika kadi kwa Kifaransa. Kitabu ambacho sijakisimulia nilikuwa sioni nikianzie wapi. Nikishakisimulia, kadi inaandikika yenyewe, kwa sababu shangazi alikuwa ameshakichambua mpaka kikabaki mifupa.

Maana hakuwa akisikiliza kimya, hata. Kulikuwa na kitabu cha msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye wazazi wake wameachana, kila wiki mbili anapanda treni peke yake kwenda kwa baba yake. Shangazi aliweka kikombe chini. "Peke yake? Na wazazi wake wote wawili wazima? Hana mjomba? Hana hata shangazi?" Kulikuwa na kingine ambamo bibi anapelekwa kwenye nyumba ya wazee na mjukuu wake anapanga kumwiba. "Kapelekwa wapi? Na watoto wa kumzaa wako wapi?" Nikaeleza. "Na wewe unataka kuwapa watoto wa watu kitabu hicho?" Nikamwambia mjukuu anakuja kumchukua. "Ah. Basi kiweke."

Maswali yake niliyatia kwenye kadi kama yalivyo. Kwa nini msichana huyu hana shangazi? Watoto wa kumzaa bibi huyu wako wapi? Madamu aliyasoma, akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akayasoma tena. Alisema amefanya kazi ile miaka ishirini na hajapata kuuliza habari ya shangazi. Kuanzia hapo alinipa vitabu vinane vinane. Nilianza kuota kwamba nina meza yangu, yenye droo yangu, pale karibu na dirisha.

Mama hakuuliza maswali. Alikuwa akisikiliza huku anachambua mchele au anashona ukosi wa kanzu. Inabidi nieleze jambo moja juu yake, kwa sababu bila hilo yaliyotokea hayaeleweki.

Mama alizaa watoto watatu, na mimi mmoja wao sijapata kumwona. Ni dada yangu mkubwa. Baba alitangulia Bujumbura kufanya biashara, akamwita mama amfuate. Dada alikuwa na miaka minne na ana surua, hawezi kusafiri. Mama akamwacha Unguja kwa mama yake, amchukue baada ya Ramadhani. Kabla Ramadhani haijafika mambo ya Unguja yakageuka na njia ikafungwa. Akazaliwa kaka yangu, nikazaliwa mimi. Njia ilipofunguka dada alikuwa msichana mkubwa, anamwita bibi "mama", hataki kwenda kokote. Akabaki. Akaolewa huko huko, akazaa.

Lakini mama na yeye walikuwa wakisemezana kwa simu, hilo tulilijua sote. Tangu nyumba ya dada ilipotiwa simu, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mama alichukua simu yetu na waya wake mrefu, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Tulimsikia akicheka. Alitoka baada ya robo saa na salamu za kila mtu. "Dada yenu anakusalimieni nyote. Wifi, wewe anakuuliza magoti yako." Tukimwuliza kwa nini haendi kumwona, alisema dada amemwomba asubiri kwanza, anatia chokaa nyumba. Mwaka uliofuata vilevile, anatia chokaa. Shangazi alikuwa akimtania, "Wifi, nyumba hiyo kwa chokaa iliyokwishatiwa, sasa milango haifungi." Mama alicheka na sisi tukacheka.

Basi, mwezi wa tatu wa majaribio, zikiwa zimebaki wiki tatu, kikaja kitabu chekundu. Ni hadithi ya msichana anayeishi na bibi yake kijijini, mlimani, mahali penye theluji. Mama yake alikwenda mjini kufua nguo za hospitali na kumwahidi kurudi kabla zambarau hazijaiva; mimi matunda yao yale niliyaita zambarau ili waelewe. Hakurudi. Miaka tisa imepita. Sura moja anasimulia msichana, sura moja anasimulia mama.

Nilikisimulia kwa siku nne, kipande kwa kipande, kama nilivyokuwa nakisoma. Ilikuwa wiki ya wageni, jamaa wa Bawshar wanaingia na kutoka, na kusoma kwangu kulikuwa kwa kuibia. Siku ya nne nilifika pale mama anapoteremka basi, anapanda njia ya mlimani, anafika kwenye geti la bibi. Zilikuwa zimebaki kurasa kama thelathini ambazo sijazisoma. Nikasema, "Yamebaki ya kesho."

Mama aliinua uso kwenye mchele. Miezi miwili yote ile hakuwa ameniuliza swali hata moja. Alisema, "Anamfungulia?"

Ningeweza kusema sijui. Ndiyo maneno yaliyokuwa ya kweli. Lakini nilimtazama, na mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo, nikasema, "Anamfungulia."

"Vipi?"

Nikamwambia vipi. Nilimwambia msichana alikuwa ghorofani, alimwona mama yake kwa dirisha, akashuka ngazi mbio, miguu mitupu juu ya theluji, hakukumbuka hata viatu. Geti lilikuwa na kutu, akalivuta kwa mikono miwili. Nikasema yule mama aliangusha begi lake. Nilisema na maneno waliyoambiana. Shangazi alitoa leso. Mama hakulia, aliendelea kuchambua mchele polepole sana, kisha akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kuinjika.

Nilikusudia kuzisoma kurasa zile thelathini. Wallahi nilikusudia. Lakini alfajiri yake ndiyo iliyokuwa siku ya kupeleka kadi, vilikuwa vimebaki vitabu viwili vingine, na nilipokaa kuandika, hadithi ilinitoka yote moja kwa moja mpaka miguu mitupu na kutu ya geti, kama nimeiona kwenye karatasi. Niliisimulia vizuri mno. Nikaandika: anamfungulia. Nikaweka kalamu chini nikaenda kupika chai.

Siku chache baadaye Madamu aliniita ofisini. Mezani aliweka kitabu chekundu, juu yake kadi yangu. Hakunikaribisha kiti.

"Soma ukurasa wa mwisho," alisema.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Msichana yuko nyuma ya dirisha la mbao. Anamwona mama yake getini. Mama anaita mara moja, anangoja. Msichana hashuki. Mama anaweka begi chini karibu na geti, anageuka, anateremka njia ile ile aliyopandia. Msichana anasikia basi likiondoka. Kitabu kimekwisha hapo, chini yake pametupu.

Masikio yalinichoma. Madamu alisema alikuwa amekitangaza kitabu darasani, kwa wanafunzi wa miaka kumi na minne, kutokana na kadi yangu. Msichana mmoja ambaye alikuwa amekisoma Ufaransa wakati wa likizo akanyosha mkono. Akasema, hakufungua, Madamu. Madamu akabishana naye mbele ya darasa zima, akimwonyesha kadi.

"Hii miguu mitupu umeitoa wapi?"

Nilifikiria kusema nimekichanganya na kitabu kingine. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na mzuri. Nikasema, "Mama yangu aliniuliza kama anafungua. Nikamwambia ndiyo."

"Mama yako anasoma Kifaransa?"

"Hasomi. Namsimulia."

Aliichukua kadi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Kuna mtoto hapa skuli ambaye mama yake hayupo. Angekichukua kitabu hiki kwa sababu ya kadi yako. Angesoma kurasa zote zile akilingojea geti lifunguliwe." Aliisukuma kadi upande wangu. "Na zile nyingine? Nitajuaje?"

Nilimwambia nyingine zote ni za kweli. Alisema labda. Alisema nivisome vyote tena, niandike kadi zote upya, na nianze na hiyo. Nilikuwa na wiki mbili. Baada ya hapo angenijibu.

Ndani ya gari nilikaa nimejikunyata. Kaka yangu aliniuliza kama kiyoyozi kinanipiga. Nilikuwa nikiiona meza yangu ya dirishani ikienda zake.

Alasiri ile nilikunywa kahawa kimya, na ya pili yake vilevile. Shangazi alivumilia siku mbili, jambo ambalo si dogo kwake. Siku ya tatu akasema, "Leo redio imeharibika?"

Nikalipuka. Nilimwambia kazi yangu iko ukingoni kwa ajili yao, kwa ajili ya kahawa yao na maswali yao, kwamba mtu hawezi kusoma kitabu kwa raha yake nyumba hii bila ya kulazimishwa kukimaliza kabla hajakimaliza. Nilisema mengi. Nilipokwisha, shangazi alikuwa ameduwaa, na mama akasema taratibu, "Kwani hakumfungulia?"

Nikaona haya. Hasira yote ilinitoka. Nilisema, "Hapana, mama. Hakumfungulia."

"Basi tusimulie ilivyo."

Nilikwenda kukileta kitabu. Safari hii sikusimulia, nilisoma mstari mmoja kwa Kifaransa na kuuweka kwa Kiswahili, halafu mwingine. Dirisha la mbao. Mama anaita mara moja. Begi. Basi. Nikafunga kitabu.

"Hana adabu mtoto huyo," alisema shangazi. "Mama mtu amepanda mlima mzima."

"Mwache," alisema mama. Kisha akanigeukia mimi. "Yule mama alijua kama mtoto yumo ndani?"

Sikujua. Nikamwambia ngoja nitazame, nikarudi kurasa mbili tatu nyuma, na ilikuwapo, kwenye sura ya mama: anaona ubao wa dirisha umesogea kidogo, upana wa kidole. Nikamsomea.

"Alijua," alisema mama.

Aliuweka ungo pembeni. Alikung'uta makapi kwenye kanga yake, akayakusanya kiganjani, akayatia kwenye sahani ya kokwa za tende. "Mimi nna jambo la kukwambieni," alisema. "Dada yenu hasemi na mimi. Hajasema na mimi. Siku ya kwanza nilipopiga simu alipokea mwenyewe, nikamwambia, ni mimi mama yako. Akasema, mama yangu amekufa, tumeshamzika. Akakata. Tangu siku hiyo wanapokea watoto. Namsikia nyuma yao anasema, mwambie sipo. Mtoto anasema mama hayupo, anakata. Na mimi nabaki na simu mkononi, nyinyi mko nje mnanisikiliza. Basi naendelea kusema. Zile salamu zote zangu mimi."

Miaka ile yote. Magoti ya shangazi, mitihani ya watoto wa kaka, pole niliyoletewa mimi nilipoachika, niliyoililia kwa kuwa imetoka kwa dada ambaye hajapata kuniona. Nilikuwa nimekaa na mtu aliyefanya kila Ijumaa jambo ambalo mimi nilikuwa nimelifanya mara moja, na mimi nilikuwa na hasira naye kwa sababu ya kahawa. Niliona uchungu, na niliona aibu, na sikujua nianze na lipi. Shangazi alinyosha mkono akamshika mama kifundo cha mkono. "Na mimi na chokaa yangu," alisema. "Nisamehe, wifi." Mama akasema hapana neno, chokaa ilikuwa inamchekesha hata yeye.

Vitabu vyote nilivisoma upya ndani ya wiki mbili zile. Kadi nyingine zilikuwa sawa, isipokuwa moja ambamo nilikuwa nimemlaza mbwa uani wakati kitabuni analala kitandani na mtoto. Hiyo ilikuwa ya kumwepusha shangazi na habari ya najisi, nikaisahihisha. Kadi ya kitabu chekundu niliiandika mara tatu. Hafungui. Kwenye nafasi ya swali nikaandika swali la mama: Je, yule mama alijua kwamba mtoto yumo ndani? Na kama alijua, kwa nini aliita mara moja tu?

La mara moja tu lilikuwa langu, lakini nilikuwa nimelipata kwa kumfikiria mama.

Madamu alilipeleka swali lile darasani na akanichukua na mimi, nikasimama nyuma karibu na mlango. Walibishana saa nzima. Msichana aliyenyosha mkono siku ile alisema mama yule aliondoka haraka kwa sababu alikwenda pale ili aweze kusema amekwenda. Mvulana mmoja akasema hapana, aliona haya. Msichana akasema kama ni haya angekaa chini angoje nayo. Madamu aliniangalia juu ya vichwa vyao. Jumatano, mwisho wa wiki kwa siku zile, alinipa karatasi ya kutia saini. Alisema jambo moja tu: "Msimulie mama yako baada ya kusoma." Meza yangu haikuwa dirishani, ilikuwa karibu na vyoo, lakini ilikuwa na droo.

Usiku ule sikumwambia mama yaliyosemwa na yule msichana. Nilimwambia Alkhamisi alasiri, mbele ya shangazi, kwa sababu kwetu mambo husemwa pale. Nilimwambia kama yalivyosemwa, bila ya kuyalainisha: angekaa chini angoje nayo. Mama aliuliza mtoto huyo ana miaka mingapi. Nikamwambia kumi na minne. Akatikisa kichwa akamimina kahawa.

Ijumaa baada ya kula mama alichukua simu kama kawaida. Mimi na shangazi tukaanza kuinuka tumpishe, maana sasa tulikuwa tunajua. Akasema, "Kaeni." Akakaa kwenye mkeka, simu mapajani, akaniambia nibonyeze kile kitufe cha kutoa sauti nje ambacho siku zote hakukipenda, kwa sababu ati kinamfanya mtu asikike yuko kisimani. Nikabonyeza. Akapiga namba kwa kichwa, hakutazama popote.

Alipokea mtoto. Mama akamsalimu, akasema, "Mwite mama yako, mjukuu wangu."

Tukasikia sauti ya mtu mzima kwa mbali. Mtoto akasema, "Mama hayupo."

"Najua yupo," alisema mama. "Usikate, baba. Mwambie sina haraka. Namngoja."

Mtoto hakukata. Nadhani hakuwa amefundishwa la kufanya na jibu kama hilo. Aliiweka simu mahali, tukaisikia ikigonga ubao, na tangu hapo tukawa tunaisikia nyumba ambayo hatujapata kuiona: mbuzi ya kukunia nazi, jogoo, mtu anaburuta kiti, redio ya jirani. Sisi tumekaa Khuwair, kiyoyozi kinanguruma. Dakika ikapita, zikapita nyingi. Mama aliangalia mkeka.

"Mama," ilisema sauti ya mtoto huko, "hajakata."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Tukasikia nyayo, kisha sauti ya mwanamke karibu kabisa, nzito kidogo, na nikashtuka kwa kuwa ilikuwa ni sauti yangu mimi. Alikuwa anasema na mtoto. "Chakula kinaungua, nenda kaepue." Tulimsikia akipumua.

Mama naye alipumua. Aliinamia simu. Miaka thelathini na zaidi, na nilidhani atasema yote.

"Umepika nini?" alisema.

"Wali," alisema dada yangu. Kisha akaongeza, "Wali na mchuzi wa papa."

Akakata. Mama aliurudisha mkono wa simu mahali pake, akaunyoosha waya uliokuwa umejikunja, akatugeukia.

"Leo hakukusalimieni," alisema.